Randa Imeibwa: Kutafuta, Kuripoti na Kuurudisha Mkono wa Kazi

Ukifika kibandani asubuhi ukakuta komeo limening'inia na sanduku la vyombo limeachwa wazi, usiingie. Kila fundi hutaka kulikimbilia sanduku aone kilichobaki, na hapo ndipo anapoharibu ushahidi kwa miguu yake mwenyewe. Karakana ya seremala ina bahati moja: unga wa msumeno wa jana jioni hushika unyayo vizuri. Kandambili huonekana ni kandambili na raba huonekana ni raba, mpaka fagio lipite. Kwa hiyo fagio lisipite.

Piga picha ukiwa mlangoni, kisha ingia kwa kupita kandokando ya ukuta. Weka futi karibu na kila unyayo kabla ya kuupiga picha, ili ukubwa wake ujulikane. Kufuli lililokatwa liache lilipoanguka. Kama mvua inakuja na ni lazima uliondoe, lishike kwa bahasha na ulihifadhi humo humo. Tazama na juu. Vibanda vingi vya Bagamoyo haviingiliwi mlangoni. Mwizi hung'oa misumari mitatu minne ya bati upande wa nyuma, akaingia kati ya papi mbili, zile mbao nyembamba zinazoshikilia bati, na akitoka hulirudisha bati mahali pake. Fundi akashangaa kufuli zima na randa haipo.

Kabla hujatamka neno wizi, piga simu kwa kila aliyegusa vyombo vyako siku tatu za mwisho: kijana wa kazi, fundi wa jirani, mteja uliyekwenda kumfungia mlango. Vyombo vingi "vilivyoibwa" viko saiti, chini ya ngazi, vimefunikwa kwa gunia. Vingine viliazimwa na kijana aliyeona haya kusema. Nusu saa ya simu inakuepusha kumsingizia mtu, jambo ambalo mtaani halisahauliki hata randa ikipatikana kesho yake.

Orodha iandikwe saa hiyo hiyo

Kwa polisi, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na hata kwa fundi mwenzako, "randa moja ya chuma na patasi sita" ni maneno matupu. Randa za namna hiyo ziko mamia kuanzia Mapinga hadi Kariakoo. Yako inajulikana kwa ubovu wake na kwa matengenezo uliyoifanyia, basi hayo ndiyo uyaandike. Maelezo yanayofaa huwa hivi:

*Randa ya chuma, Record namba 05, urefu inchi 14, upana wa kisu inchi 2. Rangi ya bluu imebanduka upande wa kushoto wa mdomo, kiasi cha kucha ya kidole gumba. Kirungu cha mbele si cha kiwandani, ni cha mkwaju, kimechongwa kwa mkono na hakina vanishi. Mpini wa nyuma una ufa uliobandikwa kwa gundi, sentimita 4 kutoka juu. Kisu kimenolewa hadi kimebaki kifupi, sentimita 3 hivi chini ya mpasuo wake.*

Fundi yeyote akisoma hayo ataitambua gizani. Andika hivyo kwa kila chombo, kuanzia kile kinachokuuma zaidi, kwa sababu kumbukumbu huchoka. Ukifika chombo cha kumi utakuwa unaandika "nyundo, moja".

Kama hukuwahi kupiga picha za vyombo, picha zipo, ila hukuzipiga kwa ajili hiyo. Tafuta kwenye simu yako picha za milango na makabati uliyomaliza. Mara nyingi randa imelala nyuma ya kazi, au patasi zimepangwa juu ya meza. Waombe wateja na vijana wako picha walizoweka kwenye WhatsApp. Kuza picha, kata sehemu yenye chombo, hifadhi.

Wachongaji wa nakshi wana hazina nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Patasi za nakshi hutengenezwa na mhunzi, hakuna jina la kiwanda, na kila moja ina mviringo wake. Lakini mviringo huo umebaki kwenye mbao. Chukua mfaa, yaani mhimili wa katikati ya mlango, au upapi wa fremu uliokuwa unauchonga ukaishia katikati, tafuta mahali patasi ilipopigwa wima mara moja tu, weka karatasi juu na usugue penseli kwa ubavu. Utapata upana na mkunjo wa ukingo wa patasi iliyoibwa, sawasawa na ilivyokuwa. Andika jina lake pembeni. Karatasi hiyo ina kazi mbili: inasaidia kuitambua patasi ikionekana, na isipoonekana ndiyo kipimo utakachompelekea mhunzi.

Hata randa huacha saini. Kisu chenye pengo dogo huacha mstari mwembamba ulioinuka, kama uzi, kwenye ubao wote kiliopita. Kama una ubao wa juzi wenye uzi huo, pima umbali wake kutoka ukingo wa mkwaruzo na uuweke ubao kando. Saini hiyo hufa kisu kikinolewa, ila mwizi kwa kawaida hanoi.

Mwenyekiti, polisi na namba ya RB

Anza na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, kwa sababu za kazi zaidi ya adabu: ndiye anayejua walinzi shirikishi waliokuwa zamu usiku huo, na barua yake huthibitisha kwamba karakana ni yako. Kisha nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Utatoa maelezo, yataandikwa, utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Huduma hiyo hailipiwi.

Mambo matatu huharibika hapo kaunta. La kwanza, orodha hufupishwa. Ukisema kwa mdomo, vyombo 14 vyenye alama vitageuka "vifaa mbalimbali vya useremala", na siku randa ikikamatwa huna maandishi ya kuonyesha ni yako. Nenda na orodha nakala mbili, omba moja iambatanishwe na maelezo yako, na nyingine ubaki nayo ikiwa na namba ya RB juu yake. La pili, watu huchanganya taarifa ya upotevu na taarifa ya wizi. Ya upotevu ni ya kitambulisho kilichodondoka kwenye daladala. Wewe umevunjiwa na umeibiwa, sema hivyo. La tatu ni thamani. Usitaje bei uliyonunulia miaka 20 iliyopita wala bei ya uchungu wako; taja gharama ya kupata kingine kinachofanana leo, chombo kwa chombo. Omba jina na simu ya mpelelezi wa shauri lako, na polisi kata naye apate nakala.

Kutafuta: randa ina siku saba

Wanaosema siku za mwizi ni arobaini hawajawahi kutafuta randa. Baada ya wiki moja chombo kimeshahama mji au kimeshavunjwa, kwa hiyo panga msako kwa hatari, si kwa ukaribu.

Wanunuzi wa vyuma chakavu ndio wa kwanza, siku hiyo hiyo kabla ya saa sita. Kwao randa ni kilo mbili na ushei za chuma cha kalibu, yaani chuma cha kumimina, na chuma cha kalibu kikirushwa kwenye lundo hupasuka. Msumeno hukunjwa. Hakuna kinachoweza kukombolewa baada ya hapo. Pita kwenye kila mzani unaoujua, zungumza na vijana wa mikokoteni pia maana wao ndio wanaonunua mlangoni. Acha picha na namba ya simu. Sema wazi kwamba akikuletea utamlipa zaidi ya bei ya kilo. Ni maneno yanayoeleweka haraka.

Wa pili ni mafundi wenzako. Mwizi mwenye akili hapeleki patasi nzuri kwenye mzani, anaipeleka kwa seremala. Pita karakana za Dunda, Magomeni na Nianjema, halafu wachongaji, halafu mafundi wa mashua ufukweni ikiwa umeibiwa tezo ya kuchongea au keekee ya kutobolea. Usiende kama mpekuzi. Nenda kama mwenzao aliyefikwa, onyesha picha, waambie: "Mtu akija kuuza hii, mzuieni kwa maneno mnipigie." Wengi watakusaidia kwa sababu kesho ni zamu yao.

Wa tatu ni njia za kutokea mjini. Kutoka Bagamoyo mzigo unakwenda Dar es Salaam kupitia Bunju na Tegeta, au unakwenda Msata, kilomita 64 za lami, na pale Msata uko kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera. Stendi, ongea na wapiga debe na makondakta wa asubuhi: mfuko mzito, mdogo, unaolia chuma, hukumbukwa na aliyeubeba. Wauza vifaa vya mitumba wa Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, huenda hawajui kama mali ni ya wizi, lakini wanakumbuka sura za vyombo. Siku ya tatu na ya saba ndizo za kwenda huko. Ukienda siku ya kwanza utakuta bado haijafika.

Ukitangaza kwenye makundi ya WhatsApp, usimwage kila kitu. Weka picha na maelezo ya jumla, lakini alama moja ibaki siri yako, kwa mfano ule ufa wa mpini. Mtu akipiga simu kwamba ameviona, muulize mpini ukoje. Matapeli hawatajua. Simu ya aina hii utaipata kwa hakika: "Bosi, vyombo vyako ninavyo, tuma kidogo ya nauli." Usitume hata shilingi. Zawadi hutolewa mkono kwa mkono, chombo kikiwa juu ya meza.

Hasira, Halbadiri na ramli

Usimpigie mtu kelele za mwizi. Hilo halina mjadala. Kelele ya neno moja sokoni hukusanya watu ambao hawatauliza ushahidi, na ukigundua baadaye kwamba yule kijana aliinunua randa kwa haki, hakuna wa kumrudisha.

Wapo watakaokushauri utangaze kisomo cha Halbadiri msikitini au mtaani. Pwani hii jambo hilo ni la zamani, na tangazo peke yake limewahi kumtoa mwizi jasho mpaka vyombo vikakutwa mlangoni alfajiri. Ukiamua hivyo, zungumza na shehe wako, ni jambo la imani yako. Lakini ramli ya kutajiwa jina ni kitu kingine kabisa. Mganga atakutajia jirani, kijana wako wa kazi au shemeji, kwa kuwa hao ndio uliowataja wewe mwenyewe katika mazungumzo bila kujua. Ramli chonganishi hupigwa marufuku kwa sababu nzuri.

Na mshahara wa kijana unayemshuku usiukate. Huna ushahidi, na ukimdhulumu utapoteza mkono wa kazi juu ya vyombo.

Ukiiona kwa muuzaji

Moyo utakudunda. Mikono iweke mfukoni. Uliza bei kama mteja, omba uishike, igeuze, tafuta ile alama ya siri. Kama ni yenyewe, irudishe mezani, sema unakwenda kutoa hela, na mwache mtu mwingine hapo akinywa kahawa huku akitazama. Nenda kituo cha karibu na namba yako ya RB na nakala ya orodha, urudi na askari.

Wengi huona njia fupi ni kuinunua na kuondoka. Inafanya kazi, na kwa patasi moja ya bei ndogo huenda ndiyo busara. Hasara yake ni kwamba umefuta mnyororo: huyo muuzaji ndiye pekee anayejua nani alimletea, na vyombo vyako vingine 13 vinapita kwa mkono huo huo. Muuzaji naye akipokea mali huku akijua ni ya wizi ametenda kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Akiwa hakujua, atakuwa shahidi wako mkubwa. Zungumza naye kwa heshima hadi ijulikane yupi ni yupi.

Jiandae kwa jambo linaloudhi: chombo kikikamatwa hakirudi kwako jioni hiyo. Ni kielelezo, na hukaa polisi au mahakamani hadi shauri liende mbele. Omba mapema, kwa maandishi, kipigwe picha na ukabidhiwe kwa sharti la kukileta kikihitajika. Eleza kwamba ni chombo cha kupatia riziki. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingine, likikataliwa hujapoteza kitu. Omba pia kipakwe mafuta. Randa ikikaa miezi mitatu stoo katika hewa ya chumvi ya Bagamoyo hutoka nyekundu.

Kurudi kazini wakati bado inauma

Vyombo vya urithi vina vitu viwili ndani yake: chuma, na mkono uliowekwa humo kwa miaka. Chuma huuzwa dukani. Huo mkono, yaani kisu kilichonyooshwa mgongo, mdomo uliorekebishwa, mpini uliochongwa kufuata kiganja, hauuzwi, lakini unaweza kuhesabiwa kwa saa. Randa mpya ya kawaida inahitaji siku moja ya kazi ili iwe randa. Patasi, nusu saa kila moja. Fundi aliyepiga hesabu hiyo hupumua kidogo.

Wapigie wateja kabla hawajakupigia. Waambie umeibiwa, taja siku mpya, na usiombe nyongeza ya malipo. Kisha nunua kwa mpangilio wa kazi iliyo mezani, si kwa kujaza sanduku. Kwa mlango wa mbao ngumu, msumeno, randa ya inchi 14, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, nyundo, skwea na kinoo vinatosha kumaliza. Nyingine zitafuata na hela ya mlango huo. Ukiazima, azima kwa saa maalumu na urudishe kikiwa kimenolewa kuliko ulivyokichukua. Hela za kikoba, au mkopo wa halmashauri usio na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zinafaa kwa anayeanza upya kabisa, ila mkopo huo una safari ndefu ya makaratasi. Usiusubiri.

Kuifanya randa mpya iwe randa

Randa mpya za bei nafuu huja na kasoro zile zile: uso wa chini una bonde, kisu kimepinda mgongo, na bati linalokaa juu ya kisu haligusi kote. Ukiitumia hivyo kwenye mninga wenye nyuzi zilizojipinda itang'oa vipande, nawe utamlaumu aliyeiba.

Tafuta kioo bapa cha milimita 6 au kigae cha sakafu kilichonyooka. Gundisha msasa namba 80. Funga kisu ndani ya randa kama cha kazi, ila kimerudishwa juu kisitokeze, kwa sababu mbano wake hukunja mwili wa randa kidogo na unataka kuunyoosha ukiwa katika hali hiyo. Chora mistari ya penseli uso mzima wa chini na usugue kwenda na kurudi. Angalia mistari inapofutika. Huhitaji ifutike yote. Mbele kabisa, mbele ya mdomo na nyuma kabisa vikigusa kwa pamoja, inatosha. Ile sehemu ya mbele ya mdomo ndiyo inayokandamiza nyuzi zisinyanyuke, hapo usikubali bonde. Maliza kwa namba 120, kisha 240.

Kisu: nyoosha mgongo wake kwenye kinoo, sentimita moja ya mwisho tu, hadi ing'ae mpaka ukingoni. Saga pembe ya nyuzi 25, kisha noa ncha kwa nyuzi 30. Lile bati la juu linyooshwe ukingo mpaka, ukilibana na kisu na kuvitazama dhidi ya jua, mwanga usipite. Mwanga ukipita, maranda yatajikita hapo na mdomo utaziba kila hatua mbili. Kwa mbao tulivu bati likae milimita moja na nusu kutoka ncha ya kisu. Kwa mninga au mkongo mkaidi, nusu milimita. Maranda yakitoka mazito upande mmoja, sukuma kile kijiti cha kuegesha kisu upande huo mzito.

Ukibahatika kupata randa ya Stanley au Record kuukuu yenye kutu, vua kila skrubu, loweka vyuma kwenye siki kwa saa 12 hadi 24, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua tindikali, kausha juani na upake mafuta ya cherehani palepale. Pwani kutu mpya huanza kabla hujamaliza kunywa chai.

Mvule na mtiki vinakula kisu upesi. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani, mtiki una mchanga wa asili yake. Usidhani kisu kipya ni kibovu kwa kuwa kimeishia mvuleni kabla ya adhuhuri. Kisu cha zamani nacho kiliishia, ila ulikuwa umeshazoea kukinoa.

Patasi ya nakshi kutoka kwa tupa

Hapa ndipo ile karatasi ya penseli inapofanya kazi. Tupa kuukuu nzuri ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Zile za bei rahisi huwa ngumu ngozi tu, ndani laini. Vunja ncha kwenye jiliwa, kile kibano cha meza, ukiwa umeifunika kwa kitambaa na umevaa miwani: ikikatika papo hapo kama kigae inafaa, ikipinda kwanza itupe.

Ipashe moto hadi iwe nyekundu, ifukie kwenye jivu hadi kesho ipoe polepole. Sasa ni laini. Saga meno yote yaishe, kwa kuwa kila jino ni mwanzo wa ufa. Mhunzi aikunje ikiwa nyekundu kufuata mkunjo wa karatasi yako, kisha uipe umbo kwa tupa nyingine. Ukingo uache mnene wa milimita moja. Ukiuchonga mwembamba kabla ya kuukaza, utajikunja au utapasuka.

Kukaza: pasha sentimita 4 za mwisho, gusa kwa sumaku kila baada ya muda. Sumaku ikiacha kushika, subiri kidogo rangi ienee, chovya wima kwenye mafuta yaliyopashwa vuguvugu, ukitikisa juu na chini. Mafuta ya kupikia yanafaa, chombo kiwe cha chuma chenye mfuniko kwa sababu yanaweza kuwaka. Jaribu kwa tupa: ikiteleza, imekaza. Wengi huishia hapo, na patasi inamegeka siku ya kwanza. Lazima irudishwe nyuma kidogo. Ing'arishe kwa msasa, ipashe moto taratibu kuanzia upande wa mpini, tazama rangi ikitembea kuelekea ncha. Ikifika rangi ya majani makavu ncha nzima, chovya majini mara moja. Ikipita ikawa ya zambarau au buluu, imelegea mno kwa nakshi, rudia kukaza.

Mpini wa mkwaju au wa mpera, uliokauka miezi kadhaa kivulini. Mpera mbichi utanywea ukikauka na pete yake italegea.

Alama, kisha kufuli

Vyombo vipya vitiwe alama kabla ya kulala karakana usiku wa kwanza. Usigonge mwili wa randa kwa chapa za nyundo, chuma cha kalibu hupasuka. Patasi nayo usiigonge karibu na ncha. Njia salama ni betri ya volti 9. Paka rangi ya kucha mahali palipo safi, ikikauka andika herufi kwa ncha ya sindano hadi chuma kionekane. Unganisha waya wa chanya kwenye chombo, wa hasi kwenye kipande cha pamba kilicholoa siki na chumvi, gusa pamba juu ya herufi sekunde 10, pumzika, rudia mara tano au sita. Fanya kazi hiyo penye hewa, kwani moshi mdogo unaotoka si wa kuvuta. Futa, osha kwa magadi, paka mafuta. Ukigeuza nyaya, yaani chanya kwenye pamba, hakuna kitakachoandikika.

Andika mara mbili: pa wazi, ili mnunuzi aogope, na pa siri, ili uthibitishe. Pa siri pazuri kwenye randa ni chini ya mpini wa nyuma. Fungua skrubu ndefu, mpini unatoka, andika kwenye chuma ambacho mpini huo ulikuwa umekikalia. Mwizi atasugua jina la juu kwa msasa, mpini hafungui. Kisha picha nne za kila chombo, zikiwa na futi pembeni, zitumwe kwenye simu ya ndugu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenyewe likikaa sandukuni pamoja na randa litaibwa nayo.

Upande wa kufunga, komeo lisishikiliwe kwa skrubu zinazoonekana nje. Tumia bolti zenye kichwa cha mviringo nje na nati ndani. Chini ya bati, kati ya papi na papi, pitisha nondo za milimita 12 kila sentimita 15, zichomelewe au zipigwe pini, hapo bati likifunuliwa mtu hapiti. Sanduku lifungwe bolti mbili kwenye meza ya kazi, kupitia kitako chake. Na zile randa na patasi mbili tatu zisizo na mbadala, ziende nyumbani kila jioni kwenye mfuko wa turubai, ukiwa umezipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Mfuko huo ukining'inizwa msumarini nyuma ya mlango wa karakana kwa sababu ya uvivu wa usiku mmoja, basi hujafunga kitu.

Ile RB usiitupe. Mwezi wa tatu na wa sita pita tena Gerezani na kwa mafundi wa njia ya Msata ukiwa na karatasi yako ya picha. Patasi za nakshi hasa hazina wanunuzi wengi, na aliyezinunua asiyejua kuchonga huzirudisha sokoni.